Pua ya Mwishehe

Mwishehe bin Kitwana alirudi kwao Kisarawe likizo ya mwaka hamsini na tatu akiwa na begi la nguo na kitabu cha maswali ya kemia, na siku zote za mwanzo hakuna aliyeliona begi likifunguliwa. Kitabu ndicho kilichofunguliwa. Asubuhi kitabu, baada ya adhuhuri kitabu, akiitwa kula anakuja nacho kwapani kama mtu anayeogopa kuibiwa. Mama yake, Bi Mwamini, aliwaambia majirani kwamba mwanawe anasomea udaktari huko Kampala. Majirani wakamwangalia yule kijana anayesema peke yake barazani, wakaitikia haya, Mungu amjalie, ila kwa sasa huyu ndiye anayehitaji daktari.

Waache waseme. Kijana wa watu alikuwa na lake moyoni, na waliolijua ni mama yake na dada yake Zubeda tu. Chuoni, mwaka wa kwanza, alikuwa ameanguka kemia. Tena si kemia yote. Angeanguka yote ingekuwa nafuu, angejua kichwa hana, akarudi kulima mihogo na roho yake imetulia. Karatasi ya maandishi aliishinda, akawapita wengi. Alichoanguka ni mtihani wa vitendo, ule wa kusimama kwenye meza ya maabara na kupima kwa mikono yako mwenyewe. Na sheria ya chuo haikuwa na maneno mengi: ukianguka vitendo unarudia mara moja, likizo ikiisha; ukianguka tena unafunga mizigo. Udaktari umekwenda hivyo.

Kazi yenyewe ukiisikia utacheka. Unapewa chupa yenye maji ya kostiki, yale magadi makali yanayopikiwa sabuni, wala huambiwi ukali wake. Unatia humo tone la dawa ya rangi, maji yanakuwa ya manjano. Juu yake unafunga mrija wa kioo wenye alama, umejaa asidi, na chini ya mrija kuna kibomba kidogo. Unaiachia asidi idondoke, tone kwa tone, huku unatikisa chupa. Asidi na kostiki zinamalizana mle ndani, moja kwa moja, kama maharusi wanaopangwa mume na mke, mpaka asibaki mwenye kukosa mwenzake. Asidi ikizidi kwa tone moja tu, yale maji ya manjano yanageuka mekundu. Hapo unafunga bomba, unasoma alama, unapiga hesabu, basi. Hata mtoto angeweza.

Mwishehe hakuweza. Hesabu aliiweza akiwa anatafuna muhogo: gramu arobaini za kostiki humalizwa na gramu thelathini na sita na nusu za asidi ya chumvi, kwa hiyo gramu nne humalizwa na tatu nukta sita tano, leta jingine. Lakini kwenye meza ya maabara mambo yalimharibikia. Wenzake walifunga bomba wakanyoosha mikono kwamba wamemaliza, yeye bado anatikisa. Safari nyingine alifunga mapema kwa kuogopa kuchelewa. Majibu yake yakatoka hili huku, lile kule, na mwalimu wake akamwita pembeni akamwambia, kwa upole unaouma kuliko matusi, kwamba anabahatisha, na kwamba udaktari si kazi ya kubahatisha.

Neno lile lilimkaa rohoni. Maana hakuwa amebahatisha. Alikuwa ameangalia mpaka macho yakamtoka machozi, na hakujua wenzake wanaona nini ambacho yeye hakioni. Kumuuliza mtu aliona aibu. Mwanafunzi wa chuo atamuulizaje mwenzake eti maji yamekuwaje? Ndiyo maana akarudi nyumbani kuyakamua maswali ya kitabu, moja baada ya jingine, akidhani kosa limejificha humo kwenye hesabu.

Sasa Alhamisi moja kulikuwa na hitima kwa jirani yao. Mwishehe alikwenda na kanzu yake nyeupe, akala wali na mchuzi wa kuku pamoja na watu kwenye sinia moja, na kwa kuwa kichwa kilikuwa kwenye kostiki badala ya tonge, mchuzi ukamdondokea kifuani. Mchuzi wa Kisarawe una bizari ya manjano ya kutosha, si ule mchuzi wa chuoni unaofanana na maji ya kuoshea vyombo. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na kanzu ndiyo hiyo moja. Mama yake na Zubeda walikuwa shambani. Akachota maji, akachukua kipande cha sabuni, akaifua mwenyewe, akasugua lile doa mpaka akaona limefifia. Ilikuwa masika, mvua haina adabu, kwa hiyo akaianika ndani, kwenye kamba ya chumbani. Asubuhi ikawa imekauka. Aliitazama, akaona kumebaki alama kidogo tu, ya kawaida, akajiambia nani atachungulia kifua cha mtu msikitini.

Walichungulia wote. Alipoingia tu aliona macho yanamfuata kifuani, kisha yanakimbilia kwingine. Aliyekaa kulia kwake akajisogeza. Aliyekaa kushoto akakusanya nguo zake vizuri. Mwishehe akadhani habari za kuanguka kwake zimevuja, akainamisha kichwa. Ndipo Mzee Mwinyijuma, mtu wa makamo ya baba yake na anayejulikana kwa kutopitwa na kasoro ya mtu, akanyanyuka kutoka safu ya mbele, akaja akamwinamia sikioni.

"Mwanangu, una damu kifuani. Toka ukabadilishe. Huwezi kuswali na najisi."

Mwishehe akajitazama. Aliona kanzu, aliona lile doa lake la mchuzi, hafifu kama lilivyokuwa. Akajibu kwa heshima kwamba shikamoo mzee, hii si damu, ni mchuzi wa jana pale kwenye hitima. Mzee akaitikia marahaba, akalitazama lile doa tena, akasema taratibu kwamba yeye pia alikula mchuzi ule, na haukuwa na rangi hii. Watu safu mbili walikuwa wameacha kuvuta tasbihi wanasikiliza. Nani angebishana hapo? Mwishehe alinyanyuka, akapita katikati ya magoti ya watu na damu yake kifuani, akatoka nje kwenye mvua. Aibu aliyoiona siku ile hakuwahi kuiona hata siku ya kusomewa matokeo.

Nyumbani alimkuta Zubeda anachambua mchicha. Dada mtu alipoinua uso akauliza kama wamechinja msikitini siku hizi. Mwishehe akamaka. Akamwambia hata wewe? Hata wewe umetumwa? Zubeda akaona huyu hana utani leo, akaweka ungo chini, akaja kulitazama doa, akacheka kicheko cha kumhurumia. Kumbe umefua kwa sabuni, akasema. Doa la manjano likikutana na sabuni huwa jekundu. Kila mwanamke anayefua anajua, na dawa yake ni jua, au ndimu. Akaenda jikoni, akarudi na kipande cha ndimu, akaminya pale kifuani.

"Haya, imerudi manjano," akasema.

Mwishehe akaangalia. Akaangalia tena, kichwa upande huu, kichwa upande ule.

"Imerudi wapi?"

"Si hapo. Huoni?"

Hakuona kitu. Aliona doa lilelile, pengine limepungua ukolevu kidogo, basi. Lakini ajabu ya mtu yule ni kwamba hata pale, kabla hofu haijamfika vizuri, alichokisikia kwanza ni hamu ya kujua. Sabuni ina magadi ndani yake, ndimu ni asidi. Manjano yanageuka rangi yakikutana na magadi, yanarudi yakikutana na asidi. Hiyo ni dawa ya rangi kama ile ya maabara! Ilikuwa kwenye mchuzi wao siku zote! Akavua kanzu, akaitandaza kwenye mkeka, akamwambia Zubeda apake sabuni. Zubeda akapaka, akasema nyekundu. Ndimu. Akasema manjano. Sabuni tena. Nyekundu. Mwishehe akafumba macho, akamwambia afanye analotaka yeye, kisha akafumbua akajaribu kutaja. Alipotaja, Zubeda aliishika ile ndimu mkononi akamtazama kaka yake kwa huruma, maana alikuwa amekosea, na akakosea tena, na akakosea.

Hapo wakaanza kutafuta. Zubeda alileta pilipili kwenye kikapu, mbivu na mbichi zimechanganyika, akamwambia azitenge. Mwishehe akazichukua moja moja na, bila kujua afanyalo, akaipeleka kila moja puani kwanza. Bi Mwamini alikuwa amesimama mlangoni na kuni zake, amerudi zamani wala hawakumsikia.

"Toka mdogo unafanya hivyo," akasema. "Wenzako wakiangua mabibo, wao wanatazama, wewe unanusa. Nilidhani ni ulafi tu."

Wakacheka wote wawili, Mwishehe naye akacheka nao. Kisha akaacha. Zubeda alimkataza kunusa, akamwambia atenge kwa macho tu, na kwenye fungu la pilipili mbivu Mwishehe aliweka mbichi tele. Kumbe ndivyo. Nyekundu ya watu yeye hakuwahi kuiona. Alijua damu ni nyekundu kama anavyojua Mwanza iko kaskazini, kwa kuambiwa. Miaka yote amekuwa akiambiwa na kuitikia.

Jioni Mzee Mwinyijuma alikuja kumjulia hali, maana alidhani kijana ana jeraha analoficha. Bi Mwamini akamweleza yote, hakuacha kitu. Mzee alisikiliza, akamwomba radhi Mwishehe kwa aibu ya msikitini, akanywa kahawa. Halafu, akiwa anavaa makubadhi kwenda zake, akasema kitu ambacho hakukisema kwa ubaya hata chembe, na ndiyo maana kilichoma.

"Sasa mwanangu, hiyo damu ya wagonjwa utaionaje?"

Mwishehe alilala na swali lile, akaamka nalo. Kitabu alikifunga. Kutwa nzima alikaa nyuma ya nyumba ameshika tama, anafikiri namna ya kumwambia mama yake kwamba Kampala hairudiwi, kwamba atafute jembe. Mtihani wa maneno unaweza kuusomea usiku na mchana ukaushinda, lakini macho uliyozaliwa nayo utayasomea wapi? Alilia kidogo, tuseme kweli, maana hakuwa na wa kumzuia.

Kesho yake Bi Mwamini, aliyejua kwamba mtoto akiachwa na mawazo yanamla, akamwita jikoni ammenyee vitunguu. Mwanamume na vitunguu, wapi na wapi! Lakini mama akisema amesema. Mwishehe akamenya, akakata, mikono ikanuka kitunguu mpaka kwenye kucha. Pembeni kulikuwa na sufuria ya maji ya majivu ambayo Zubeda alikuwa ameyachuja kwa ajili ya kulainishia maharagwe. Akatumbukiza mikono humo kuisuuza, akaitoa inateleza, akainusa kwa mazoea yake. Haikunuka kitunguu.

Akainusa tena. Haikunuka kabisa, kama mtu ambaye hajapata kushika kitunguu maishani. Akachukulia kimetoka kwa kuoshwa, akataka kuendelea na shughuli, lakini kichwani kitu kikagoma. Maji ya majivu ni ya magadi, ni ndugu wa kostiki. Kwenye bakuli kulikuwa na ukwaju ulioroweshwa, na ukwaju ni asidi. Akachovya vidole kwenye ukwaju, akavipeleka puani.

Kitunguu kilikuwa kimerudi.

Wacha we! Alisimama pale katikati ya jikoni la mama yake, vidole puani, anacheka peke yake kama punguani. Akarudia: majivu, harufu imekwenda, ukwaju, harufu imekuja. Akatafuta maji matupu, akasuuza kwa hayo, harufu haikuondoka. Basi si kuoshwa, ni magadi. Harufu ya kitunguu inafanya kwa pua yale yale ambayo manjano yanafanya kwa macho ya wenzake. Mchuzi wa siku ile ulichelewa, na Bi Mwamini hakugomba.

Ila jambo moja ni kunusa vidole, jingine ni kufunga bomba kwenye tone linalotakiwa. Alihitaji mtu mwenye macho. Rafiki yake wa chuo, Twalibu, kwao ni Kibaha, pale Maili Moja kwenye barabara ya Morogoro, na kaka yake Twalibu, Salumu, alikuwa dresa, mfunga vidonda, kwenye zahanati ndogo ya huko. Mwishehe akaazima baiskeli ya mjomba, akakata njia za porini zilizojaa tope la masika, nusu ya safari amepanda baiskeli na nusu baiskeli imempanda yeye. Alifika na matope mpaka kwenye nyusi, na vitunguu mfukoni.

Twalibu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama nyumbani kwao wamempeleka kwa mganga. Lakini alikuwa rafiki wa kweli, na yeye pia ni mtu wa kutaka kujua. Salumu akawapa bomba la sindano la kioo lenye alama, wakalitumia badala ya mrija. Akawapa vidonge vya kuharisha, ambavyo Twalibu alikumbuka kwamba vimetengenezwa kwa dawa mojawapo ya zile za rangi za maabara: ukikisaga kidonge ukakitia kwenye magadi, maji yanakuwa ya waridi, asidi ikimaliza magadi, waridi inatoweka. Kostiki waliipata kwa mtengeneza sabuni wa hapo, asidi walitumia siki. Kwenye chupa moja wakatia vyote viwili, unga wa kidonge na vipande vyembamba vya kitunguu. Twalibu akakaa upande wa kutazama. Mwishehe akafungwa kitambaa machoni, asije akajidanganya.

Mara ya kwanza Mwishehe alisema "imerudi" wakati Twalibu bado anaona waridi tele. Harufu ya siki ilikuwa imempumbaza pua. Wakaipunguza siki kwa maji mengi. Mara ya pili Twalibu akasema "imekwisha", na Mwishehe akawa bado ananusa hewa tupu. Pua ilikuwa imechoka. Wakagundua kwamba lazima atoke nje, avute hewa ya barabarani, vumbi na matope na yote, ndipo arudi. Wapita njia wa Maili Moja wakamwona kijana amefungwa kitambaa anasukumwa nje kuvuta pumzi, anarudishwa ndani, wakajua kwa dresa kuna mgonjwa wa kichwa. Wakarudia. Wakapunguza vitunguu, wakaongeza, wakaitikisa chupa zaidi, wakaziba mdomo wake kwa kiganja ili harufu ijikusanye kabla ya kunusa.

Ikafika mara ambayo sauti zao ziligongana.

"Imekwisha," alisema Twalibu.

"Imerudi," alisema Mwishehe.

Twalibu akamfungua kitambaa, akamwonyesha chupa, ingawa alijua kumwonyesha hakuna faida. Wakairudia mpaka kostiki ikawaishia, na sauti zikawa zinagongana kila mara, au kupishana kwa tone. Salumu aliyekuja kuchungulia akaomba naye anuse, akasema hasikii kitu. Pua ile ilikuwa ya mtu mmoja, imefundishwa na mabibo.

Wakati wa kuagana Twalibu akawa na wasiwasi. Alimwambia asiwaambie chuoni. Wakijua macho yake yako hivyo, watamwondoa kwenye udaktari hata akishinda. Anuse kimya kimya, atie majibu, atoke. Mwishehe akasema ataona. Njia nzima ya kurudi Kisarawe hakuwa anafikiri kuhusu kitunguu tena. Alifikiri kuhusu swali la Mzee Mwinyijuma, na alitamani aende Kampala akiwa na jibu lake.

Basi siku ya mtihani ikafika. Katika maabara ile kubwa walikuwa wachache, wale wa kurudia tu, kila mmoja na meza yake. Mwishehe akatoa kitunguu na wembe, akaanza kukata. Twalibu, pamoja na akili zake zote, hakuwa amefikiria jambo moja: kitunguu hakinuswi kimya kimya. Chumba kizima kilinuka pilau. Aliyekuwa meza ya mbele akageuka. Mtahini, Mwingereza mrefu mwenye miwani, akaanza kutembea kutoka mwisho wa chumba, pua mbele, mpaka akasimama kwenye meza ya Mwishehe akauliza kama hapa ni maabara au jikoni.

Angeweza kusema hajala asubuhi. Uwongo mwepesi ulikuwa umeshafika ulimini. Lakini alikumbuka alivyotolewa msikitini kwa kitu asichokiona, na akachoka, akachoka kabisa, kujificha. Akasimama wima.

"Bwana, mimi rangi hii ya kugeuka siioni. Nimezaliwa hivyo, na nimeijua likizo hii. Swali linasema nitafute ukali wa kostiki. Halikusema nitumie macho."

Mtahini akachukua karatasi ya maswali, akaisoma yote, mbele na nyuma. Kweli haikusema. Akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono. Mwishehe akatia vipande vyake, akaanza kudondosha. Alitikisa, akaziba kwa kiganja, akanusa. Alitoka mpaka dirishani kuvuta hewa, akarudi. Matone yakawa moja moja. Pua ilitulia. Akadondosha tone, akanusa, na mle ndani, mbali kidogo, akamsikia mama yake anakaanga.

"Hapa," akasema, akafunga bomba.

Mtahini alichukua chupa ya dawa ya rangi mezani, akatia tone moja kwenye chupa ya Mwishehe. Maji yakawa ya manjano. Yule wa meza ya mbele, aliyekuwa ameacha mtihani wake anatazama, akanong'ona kwamba bado, hajafika. Mtahini akaushika mrija kwa vidole vyake mwenyewe, akaachia asidi: tone moja. Akatikisa. Akaachia la pili, akatikisa, akaacha: matone mawili tu ya tofauti. Aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaisoma alama kwenye mrija na kuiandika. Akamwambia arudie mara mbili nyingine kama sheria inavyotaka. Mwishehe akarudia. Mtahini alijaribu zote kwa rangi, akaandika zote. Alipomaliza akavua miwani, akaisafisha kwa tai yake.

"Umefaulu hii," akasema. "Lakini nitaandika habari ya macho yako kwa mkuu wa udaktari, na wao wataniuliza. Kwa hiyo nakuuliza wewe kwanza. Siku mgonjwa anatoka damu, na wewe huioni, utafanyaje?"

Mwishehe alicheka, japo si mahali pa kucheka, maana alikuwa ametembea na swali hilo toka Kisarawe.

"Nitauliza, bwana. Nilivaa doa mpaka msikitini kwa sababu sikumuuliza mtu. Nilianguka mtihani wenu kwa sababu hiyohiyo. Sasa nitamuuliza nesi, nitamuuliza mgonjwa mwenyewe, nitamuuliza mfagiaji akiwa ndiye aliye karibu. Sitatibu kwa kubahatisha."

Mtahini akaandika kitu kwenye karatasi yake, mistari mirefu. Aliandika nini Mwishehe hakukijua mpaka wiki ya pili alipoitwa kujiandikisha mwaka wa pili wa udaktari pamoja na wenzake. Siku ile alichoambiwa ni kupeleka vitunguu vyake nje kabla watu wote hawajasikia njaa.

Akakusanya vitu vyake. Ile chupa ya mwisho ilikuwa bado mezani, dirisha linaimulika. Yeye aliyaona maji, basi, maji kama maji. Akamgeukia yule kijana wa meza ya mbele ambaye hata jina lake hakulijua.

"Ndugu yangu, samahani. Hii imekuwaje?"

Kijana akainama akaiangalia vizuri, kama mtu aliyepewa kazi.

"Nyekundu," akamwambia. "Nyekundu kidogo tu, ndiyo kwanza inaanza."

Mwishehe akamshukuru, akatoka nje na kitunguu chake.